Zamu

Corrientes, Januari. Saa nne za usiku
na lami bado inanata kwenye soli.
Napanda ngazi kumi na tisa juu ya duka la rangi,
nawasha feni, nayo inaanza kulalama,
naweka mezani kibuyu changu cha chai chungu yenye barafu
kando ya simu mbili na daftari.

Kazi yangu ilikuwa cherehani.
Miaka thelathini na minne nilitia zipu, nikapunguza suruali,
nikapanua magauni ya maharusi waliochelewa kufunga ndoa.
Halipi mtu huku juu. Siku ya mafunzo
Griselda alituandikia ubaoni mambo ya kutosema:
usiseme "nakuelewa",
usiseme "yamepita",
usiseme "mshukuru Mungu ulirudi".
Niliinamisha kichwa, maana yote matatu
niliwahi kumwambia kaka yangu Anselmo,
siku moja, mlo mmoja, huku namwongezea mchuzi.

Saa tano na dakika kumi, simu.
Ni yule asiyesema.
Alhamisi ya saba hii. Namjua kwa jokofu lake,
linavyonguruma, likatetemeka, likazima;
namjua kwa kucha za mbwa sakafuni.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema.
Sijui. Kimya hiki kina mtu ndani,
amejikunja, anasikiliza kama utaondoka mlangoni.
Basi siondoki.
Namsimulia koti la mjukuu wangu,
jinsi uzi mweusi unavyonipiga chenga
tangu jicho la kushoto liingie ukungu,
jinsi ninavyolamba ncha na kukosa tundu,
nalamba tena na kukosa

"Baridi," anasema.

Nje ni nyuzi joto thelathini na sita.
"Baridi," tena, kwa sauti ya mtu
anayevuta kitu kilichoingia chini ya kitanda.
Namuuliza iko wapi.
"Miguuni."

Alikuwa na miaka kumi na minane, mtoto wa mashamba ya mpunga.
Barafu aliijua ya kwenye bilauri tu.
Wakampa buti za mtu mwenye miguu midogo,
wakamshusha kisiwani, kwenye upepo na udongo unaotoka maji
popote unapouchimba. Handaki lao walilichota kwa kofia za chuma.
Walikuwa wawili, yeye na Ceferino,
na soksi kavu moja.
Moja, si jozi.
Walipokezana: usiku wako, usiku wangu.
"Usiku ule ilikuwa zamu yake," anasema.
Jokofu linanguruma.
"Sikumpa."
Likazima.
"Mguu wangu ninao."

Griselda aliandika ya kutosema.
La kusema hakuliandika.
Nashika simu kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa.

Anselmo alilala na buti miaka kumi na moja.
Mama alizing'arisha akiwa nazo miguuni,
sisi tukamcheka, tukamwita mvivu wa kuvua.
Hakuna aliyemuuliza.
Mwaka wa kumi na mbili tulimvua sisi.

Hilo simwambii. Zamu hii ni yake.
Nasema tu, "Nipo,"
na baada ya muda mrefu, "Mbwa wako anaitwaje?"
"Hana jina. Ni mbwa wa jirani.
Huja usiku, hunilalia miguuni."
Kisha, kama mtu anayesahau kofia na kurudi kuichukua:
"Mimi Eleuterio."
Kisha: "Alhamisi?"
"Alhamisi."

Daftari lina safu tatu.
Jina: nimeandika, kwa mara ya kwanza.
Tatizo: soksi.
Msaada uliotolewa:
nimeifikiria safu hiyo hadi barafu ikaisha kibuyuni.
Nimeandika "nilikaa", nikaona haba,
nikafuta, nikaandika tena "nilikaa".

Kesho nitamuuliza binti wa duka la nyuzi
kama kufuma ni kugumu.
Mimi nimeshona maisha yangu yote.
Soksi hazishonwi.