Faharasa

Kitabu kinaanza na maiti.
Mstari wa kwanza: hoteli ya Hamburg, chumba 412,
pazia limefungwa, gitaa limelala kitandani
kama mke aliyeachwa.
Gitaa halikuwepo. Nililipokea mimi stesheni ya Kemi
wiki mbili kabla, nyuzi mbili zimekatika.

Ndivyo wanavyoandika: mwisho kwanza,
kisha hurudi utotoni kuokota kuni
za moto ambao tayari wanajua umeteketeza nyumba gani.

Bwana Ketola alikuja na kinasa sauti na soksi yenye tundu.
Alikula maandazi manne ya mdalasini, akauliza,
"Baba yenu alikuwa akimpiga Urho?"
Nikamwambia, baba hakupiga hata hodi;
akitoka zamu ya usiku kiwandani, ananuka karatasi mbichi,
alitembea kwa ncha za vidole asituamshe.
Ukurasa wa kumi na moja:
"Ukimya wa baba ulimkata kama barafu."

Na jalada! Moshi, jicho moja gizani.
Mpiga picha alimkataza kucheka. Nilikuwepo.
Alicheka mara sita, picha sita zikatupwa.
Ya saba ndiyo hii, alipokuwa amechoka
na anataka kwenda msalani.

Najua: akipenda, chongo huita kengeza.
Basi niseme chongo.
Aliiba pete ya mama, akaiweka rehani Oulu.
Alitapikia viatu vyangu siku ya harusi yangu
na akawalaumu wapishi.
Hayo yamo, ukurasa wa 88, na ni kweli,
tena Bwana Ketola amenihurumia, viatu hakuvitaja.

Lakini ukurasa wa 97, nusu sentensi:
"alirudi kwao miezi minane, ambamo hakuna kilichotokea."

Hakuna kilichotokea.
Usiku wa kwanza hadi wa tisa alitetemeka, nikamshika miguu.
Usiku wa kumi aliomba viazi.
Saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, alishuka na koleo
akazoa theluji mlangoni kwa bibi Hilkka,
aliyemdhania kijana wa manispaa, akampa sarafu.
Alizipokea! Akazitia kwenye kopo la kahawa.
Alijifunza kufuma glavu; kidole gumba kikatoka kirefu
kama cha mtu mwingine.
Alimwonyesha mwanangu Osmo sauti tatu za gitaa,
akamwambia, ya nne utaipata mwenyewe.
Siku mia mbili arobaini na tatu.
Nilizitia alama kwenye kalenda ya duka la matairi.
Labda haziandikiki. Hazina mlango wa kuvunja,
hazina dirisha la kurushia televisheni.
Siku njema hupita kama baba,
kwa ncha za vidole.

Nyuma ya kitabu, kwa herufi za sisimizi, faharasa:

Dada: 12.
Hasira: tazama Pombe.
Mama: 12.
Pombe: 9, 22, 40 hadi 63, 71, 88, 102 na kuendelea.

Kitabu ni cha maktaba. Kesho ninakirudisha,
kuna watu kumi na mmoja kwenye foleni.
Nimechonga penseli ya Osmo. Nimeandika pembeni, polepole,
kama mtu anayejaza fomu ya hospitali:

Glavu: 97.
Hilkka, bibi: 97.
Kucheka: jaladani, kabla kidogo.
Theluji: 97.
Viazi: 97.

Kwenye herufi P nikasita. Pete hawakuiweka.
Nikaandika, maana haki ni haki: Pete, kuibwa: 88.
Kisha nikakumbuka lile kopo la kahawa,
na koti lake la ngozi aliloliuza mwezi wa saba,
na basi la kwenda Oulu, na mama
akiosha vyombo na pete kidoleni bila kusema neno.
Nikaandika chini yake: Pete, kukombolewa,
nikaweka nukta mbili,
nikatafuta ukurasa.