Vitobo Kumi na Tisa

Jicho la Twalib lilipoanza kucheza
nyanyake alifagia ukumbi.
"Ukope wa juu," akasema. "Mgeni yuaja."
Tukaongeza kikombe kimoja cha kahawa,
tukakaa.
Hakuja mtu.
Kesho yake likacheza tena, na keshokutwa,
kisha shingo ikafuata jicho,
kisha koo ikafuata shingo: hmk, hmk,
kama mlango wa duka usiokubali kufunga,
na nyanya akachoka kufagia.

Chuoni mwalimu alimketisha nyuma ya nguzo.
Mimi, babake, nilimketisha nyuma ya pazia
wateja wakija kupimwa kanzu.
Nilimwambia: jizuie.
Akajizuia mpaka Isha,
na baada ya Isha ikamtoka yote kwa pamoja,
kitandani, mwili mzima,
nami upande wa pili wa ukuta nikihesabu
kama mtu anayedai.

Ganjoni, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Dada mmoja wa sauti ndogo, Kadzo,
akamvika mwanangu kofia.
Mimi ni fundi wa kofia. Miaka thelathini na moja
natoboa vitobo, nazungushia uzi,
kichwa cha mtu kipate hewa.
Hiyo yake ilikuwa ya mpira, buluu, imebana masikio,
vitobo kumi na tisa (nilivihesabu, ndiyo kazi yangu)
na katika kila kitobo akatia kitu baridi kama ute wa yai,
kisha waya.
Nikaona haya kuuliza nani aliyeishona vibaya hivyo.

Kwenye kioo mistari ikaanza kupita,
mishono kumi na tisa bila sindano.
Twalib akipepesa, yote huruka
kama kitambaa kilichonaswa na msumari.
Baadaye zikaja rangi: ramani ya kichwa,
kijani huku, manjano kule, na utosini
doa jekundu, kiasi cha kifungo.
"Ndipo penye kosa?"
"Penye kelele. Si kosa.
Na hii si dawa, baba, ni kioo tu.
Wako iliowafaa. Wako ambao haikuwafaa.
Sikuuzii ahadi."
Bei ya kikao kimoja: kofia moja ya mkono,
wiki tano za macho yangu.

Mchezo wenyewe ni tiara.
Kichwa kikitulia, hupanda juu ya mapaa.
Kikichafuka, uzi hulegea.
Hakuna mkono ulioishika.
"Nafanyaje?" Twalib akauliza.
"Hufanyi. Itazame."
Akaitazama. Hmk. Ikashuka.
Akacheka, ikapanda,
wala yeye hakujua kwa nini.

Kikao cha sita, ama cha saba,
feni inazunguka, kunguru yuko dirishani,
Kadzo akasema bila kugeuka:
"Na mguu wako, baba, ulianza lini?"

Mguu gani.
Nikautazama. Ulikuwa unakanyaga sakafu
na cherehani iko Kibokoni.

Watu husifu: fundi Shee hachoki,
mguu wake haujui usingizi.
Nilikuwa na miaka tisa
marehemu baba alipoleta cherehani kwa mkokoteni,
akanipandisha kitini, miguu haijafika vizuri.
Hakunieleza neno.
"Kanyaga," akasema. "Kanyaga utakavyo."

Ngazi za kushuka ni sitini na mbili.
Twalib alizihesabu kwa sauti, na hmk katikati,
nami sikumwambia kitu.
Jioni ile nikalitoa pazia,
nikalikata, likatosha foronya mbili.

Jicho bado lacheza. Wiki iliyopita kidogo,
wiki hii, mitihani, sana.
Nyanya haoni tena vizuri. Akiisikia hmk
huinua kichwa kutoka kwenye tasbihi:
"Nani huyo? Mgeni?"
"Si mgeni, mama."
Na mguu wangu chini ya meza, ukienda.
"Ni mwenyeji."