Vikombe vya Somoe

Tangu arudi, vikombe vinne.
Cha kwanza kile cha maua mekundu,
hidaya ya arusi ya mama.
Somoe alipiga funda moja la kahawa,
akageuka kuitikia hodi ya Mwanatumu,
na kikombe akakiacha hewani,
hapo, usawa wa kifua,
kama mtu awekaye kitu mezani.

Kikasita, mimi naapa.
Kisha kikakumbuka.

"Miezi sita kule hakuna kinachoanguka," alisema,
akiokota vigae kwa mikono ya mgonjwa.
Mama hakumkaripia. Alileta ufagio.

Watu wa Ngomeni wanakuja na maswali yao:
ulielekea wapi kuswali?
Nywele ulizifungaje, na kanga haitulii?
Mwalimu Bwanaheri, aliyemwandikia kwenye ripoti
"mtoto huyu anaotaota tu,"
amekuja na kuku wawili, na hasemi neno.

Siku chuma cha Mtaliano kilipopaa baharini
watoto wote tuliambiwa, zibeni masikio.
Mimi niliziba.
Dada yangu alizibua.
Jioni akarudi majarubani
kumsaidia mama kukwangua chumvi,
nyayo zimechanika, chumvi imo ndani ya nyufa,
na hesabu zake akiziandika kwa kidole
juu ya weupe ule,
kabla reki ya msimamizi haijazifuta.

Walimkataa mara mbili. Mara ya kwanza, meno.
Ya pili hawakutoa sababu.
Ya tatu wakamwita wa kwanza,
mwanamke wa kwanza kutoka kwetu,
wakampiga picha,
na gazeti likakosea jina lake.

Sasa hulala sakafuni; kitanda, asema, chamzungusha.
Mtandio wa hariri wamlemea kichwani kama gunia.
Mama humkanda vigimbi kwa mafuta ya nazi,
polepole, kama alivyomkanda mchanga.
Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakusema anashukaje.

Jana nikamuuliza, uliona nini?
Nilitaraji nyota.

"Wiki nzima mawingu," akasema.
"Siku moja yakafunguka, nikayaona majaruba,
meupe, madogo, kama kucha za mtoto.
Nikawaambia wenzangu:
pale pana mwanamke ameinama.
Wakacheka. Wakasema, huwezi kumwona.
Nikasema, simwoni. Yupo."

Mama alikuwa mlangoni na birika.
Akanyoosha mgongo, taratibu, mpaka mwisho wake.
Kisha akammiminia kahawa
katika kikombe cha bati.