Arubaini na Moja

Stima zilipotea saa tatu na robo usiku:
Ganjoni kwanza, halafu Tudor, halafu simu ya dada yangu
kutoka Voi: "Hata huku."
Hapo tukajua ni nchi nzima.

Chumba cha mitambo hakikuzimika. Kilishusha pumzi tu.
Betri zikaupokea mzigo bila neno
na kwenye kioo kidogo cha kijani ikasimama nambari:
arubaini na moja.
Siku za mwizi ni arubaini.
Zetu ni dakika, na moja ya nyongeza.

Chini, Dzombo amelala kifudifudi ubavuni mwa jenereta
kama asikilizaye mimba.
Dizeli ipo. Betri ya kuwashia ilikufa Jumanne,
na barua ya kuombea mpya
ingali mezani kwa mhasibu, yangoja saini.

Joto la Machi halibishi hodi.
Kiyoyozi kimya. Thelathini na moja. Thelathini na nne.
Mejumaa akauzuia mlango kwa ndoo ya kudekia,
akazipepea mashine kwa jalada la faili,
mkono ule ule upepeao mishikaki,
ila leo auombea moto ufe.

"Tuzime nini?"
Mashine tisa.
Nikaanza na kamera za meneja; nakiri, kwa raha.
Barua pepe. Matangazo. Kumbukumbu za mikutano
ambayo hakuna aikumbukaye.
Kisha ile ya mishahara:
tarehe ishirini na nane, hesabu iko katikati,
majina yetu ndani yake.
Kidole kikakaa juu ya kitufe.
Mejumaa adaiwa kodi Mikindani, miezi miwili.
"Zima," akasema, bila kuacha kupepea.
Dakika kumi na tisa zikarefuka, zikawa sabini na nne.

Ikabaki moja, daftari la benki ya damu:
nani aina gani, chupa ipi friji ipi,
toka Likoni hadi Mtwapa.
Saa tano kasorobo kuna mtu aliuliza. Hatukumwona.
Ulipita mstari mmoja tu:
*O hasi. Chupa mbili. Wodi ya wazazi.*
Mashine ikamjibu upesi, kwa adabu,
haikumwambia kwamba imebakiwa na dakika sita.

Ya tatu kutoka mwisho, Dzombo akapita mbio
amekumbatia betri ya lori la maji.
"Nimeazima. Msiniulize kwa nani."
Jenereta ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Alfajiri vipaza sauti bado vilikuwa vimekufa.
Adhana ikaja kwa koo tupu,
nyembamba, ikapokewa na nyingine mtaa wa pili,
na Mejumaa, faili mkononi, akaacha kupepea.

Saa mbili meneja akapiga:
"Kamera zangu kazima nani?"

Kwenye kumbukumbu ya usiku, mbele ya daftari la damu,
pa kuandika muda wa kukatika,
pana sifuri.
Nikala hamri la jana, nikaiandika barua upya:
betri moja ya kuwashia, tafadhali.
Nakala ya nne.