Kamba ya Kitubio

Padri Gaspar, nimekuja na kamba yangu.
Usikunje uso; si uchawi, ni kumbukumbu.
Wewe una kitabu, mimi nina sufu ya lama
na mafundo, na kidole cha kuyasoma.

Fundo la kwanza, jekundu: nilimdanganya
mkusanya kodi. Nilificha viazi.
La pili: Jumapili sikuja misa,
mto ulifurika ukalibeba daraja la nyasi.
La tatu ni dogo. Nilimwita marehemu mama
kwa jina la mlima aliozaliwa chini yake.
Unasema ni dhambi? Haya. Nimelifunga.

Naikumbuka asubuhi ile ya ndoo.
Mistari miwili uwanjani, wanaume kule, wanawake huku,
baridi ya Juni inauma masikio,
nawe unapita na kata ya shaba
kama mtu anyweshaye miche:
"Katalina," ukasema, "Katalina, Katalina,"
hadi mstari ukaisha.
Akina Katalina themanini na watatu
tukarudi nyumbani tukiulizana nani ni nani.
Mimi ni Karwa Chumpi. Nywele zilipokauka
jina lilikuwa bado lipo.

Maji ulitupa bila kupima.
Lakini mkate, Padri?
Miaka kumi na minane napiga magoti karibu na mlango,
nauona ukiinuliwa, mweupe, mwembamba,
ukishukia ndimi za wageni tu.
"Bado," husema. "Imani yenu changa.
Tumbo la mtoto haliwezi nyama."
Na mahindi, ulisema, hayawi mwili wa Bwana,
ila ngano, mbegu iliyovuka bahari.
Sawa.
Ngano hiyo wanangu waliipalilia kule bondeni,
mimi nikaipepeta, makapi yakaniingia machoni.
Mkono uliouvuna mwili
hauna ruhusa ya kuupokea.

Mume wangu Yawri aliuawa na zebaki ya mgodini,
akitetemeka, meno yakimdondoka kama punje.
Siku tatu tuliyaita mafuta matakatifu.
Njia ina matope, ukajibu.
Siku ya mazishi haikuwa na matope:
ulifika, ukadai lama wawili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tumengoja kupona.

Nimemaliza. Sema Kilatini chako, nipe malipizi.
Salamu Maria ishirini? Nitasali thelathini.
Nampenda yule mama aliyejifungulia zizini,
hilo usilitilie shaka; sisi tunayajua mazizi.

Ila nyumbani, juu ya jiko,
inaning'inia kamba ya pili,
nyeusi, niliyoianza mwaka wa ndoo.
Jana usiku niliipapasa gizani:
mafundo arobaini na moja.
Si yangu hayo.

Siku utakayochoka kuyabeba, njoo.
Kigoda kipo, sikio ninalo.
Nitakusomea polepole, moja moja,
wala sitakuambia: bado.