Ganzi

Kutwa kucha nachungulia vinywa vya watu wa Tampere.
Najua nani anavuta sigara kwa siri,
nani anasaga meno usiku,
nani kanidanganya kuhusu uzi.
Vinywa vyote vi wazi, na hakuna anayecheka.

Leo saa mbili usiku nimeshuka ngazi kumi na nne
chini ya baa, viatu vikidondosha theluji,
karatasi ya miezi mitatu imelowa jasho mfukoni.

Aliyenitangulia ni kijana Eerik.
Anamtania mama mkwe wake. Watu kimya.
Kimya cha huku si cha hasira,
ni kimya cha watu wanaongoja lifti.
Lakini ukiwa kwenye taa, utajuaje?

Kicheko hutoka wapi?
Tulipomzika baba, jeneza lilikwama kwenye kona ya ngazi.
Mjomba Osmo akasema, akihema,
"Siku zote alikuwa mgumu kutoka nyumbani,"
na mama, aliyekuwa hajala siku tatu,
akacheka mpaka akakaa chini,
kofia ikamfunika uso.
Osmo hakuwa anatania. Alikuwa anasema kweli.
Nimeliandika hilo, nikalifuta, nikaliandika tena.
Kwenye karatasi linabaki jeneza tu.

Labda tunacheka pale mguu unapokosa ngazi
na badala ya kuvunjika ukakuta sakafu.
Labda. Mtoto wa dada yangu hucheka nikipiga chafya,
naye hana habari ya ngazi wala ya kuvunjika.

"Tuulikki Harju!"

Magoti yakawa maji.
Midomo ikafa ganzi, mimi niliyewadunga watu maelfu
nikiwaambia, Utasikia kama mbu tu.
Uongo. Naomba radhi.

Nikaishika maikrofoni kama keekee.
Taa machoni. Kumbe hivi ndivyo wanavyoniona,
wao chali, na mtu juu yao anasubiri.
Neno la kwanza likatoroka. La pili likalifuata.
Ulimi ukaokota ulichokizoea:

"Fungua mdomo. Panua. Panua tena."

Kimya.
Kisha huko nyuma mzee mmoja akaachama, kwa utii kabisa.
Namjua! Gego lake la chini kushoto
nililiziba mwenyewe Jumanne.
Mkewe akamgeukia, akamtazama,
akatoa kicheko kidogo cha puani,
kama birika linaloanza kuwaza kuchemka.
Akafuata jirani. Ikafuata safu.
Halafu ukumbi mzima ukawa meno,
na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu mashimo.

Nilikuwa na mizaha kumi na mmoja.
Hata mmoja haukutoka mfukoni.
Nilikasirika kidogo, nakiri,
kama mpishi wa harusi aliyesifiwa maji.

Midomo ikaanza kurudi, ikiwasha.
Nikaaga kama ninavyoaga kila siku:
"Msitafune chochote kwa saa mbili."
Wakacheka tena.

Hilo halikuwa mzaha.