Pete ya Hakimu
(Kutna Hora, Bohemia, 1597)

Kazi yangu ni hamamu,
Kutna Hora yafahamu;
wakija wana Adamu
huvulia mlangoni.

Aliye uchi ni mtu,
hana cheo, hana kitu,
ila kile, sithubutu
kukitaja hadharani.

Zavishi alitwambia
risasi akipikia
dhahabu hujizalia
kesho yake mtungini.

Mwaka mzima kupika,
moshi tu uliotoka,
na kuni alizoteka
nazidai vitabuni.

Bali dawa aliunda
kwa jogoo alokonda,
mtungi asoupanda:
matone saba kinywani.

Hakimu wetu Prokopi
akanywa, lakini wapi!
Uzi ni uzi, mfupi,
haupiti sindanoni.

Mkewe, bi Salomena,
alikwenda kugombana;
akarejea mchana,
vifungo vi mgongoni.

Tangu hapo, kila wiki,
kulalamika hachoki,
na kitanda hakibaki
kimya kule ghorofani.

Siku moja Kwaresima
kafa Zavishi, kazima;
kimoja kilisimama
kama nguzo sakafuni.

Kapondwa mchi wa shaba,
chupa zimevunjwa saba,
zebaki, si tone haba,
inabingirika chini.

Prokopi akaja mbio
kulichunguza tukio;
usoni ana kilio,
glavu hadi viwikoni.

Akasema: "Ni Dorota,
deni limeleta vita."
Chumbani akaniita:
mahojiano ya ndani.

Glavu moja akavua,
"Ushahidi nachungua,"
mkono ukachipua,
ukapanda mapajani.

Sikupiga ukelele,
nikaitazama ile
pete yake ya milele,
ya dhahabu, kidoleni.

Miaka naisugua
aogapo, naijua,
njano kushinda maua
ya malenge bustanini.

Sasa nyeupe kabisa
kama nta ya kanisa:
zebaki imeigusa,
ikapenya hadi ndani.

Zavishi alinifunza,
usiku wetu wa kwanza,
zebaki inavyoponza
dhahabu iwe sabuni.

Nikaubana mkono
kwa mapaja, kama meno,
nikapaza moja neno
likasikika sokoni.

Wachimba fedha wakaja,
povu bado likivuja,
uchi wote kwa pamoja,
wakafurika chumbani.

Hongo hapo aligawa,
mifuko hawakupewa!
Sarafu zikatupiwa
kuku wangu wa uani.

Pasaka wakamnyonga;
hapo ndipo, bila kunga,
ule uzi ulotanga
ukasimama kambani.

Mjane alitazama
juu, tena, akahema:
"Miaka yote," kasema,
"ulikuwapo, jamani!"

Nikalipwa ile pete
kwa kuni za siku zote;
ili moto uipate
nikaitia chunguni.

Weupe ukayeyuka,
njano yake ikazuka.
Zavishi, ulichotaka
kimezaliwa jikoni.